Kola za Kijani

Asubuhi ile Dada alikuwa amekwisha kumrudisha bibi harusi. Si utani. Bibi harusi mzima, na shela lake, na mkia wa gauni umebebwa na wapambe wawili, alikuja langoni mwa bustani ya michezo akitaka kupigwa picha juu ya gurudumu kubwa linalopandisha watu angani. Dada akamwambia, kwa sauti ile ya upole waliyofundishwa wafanyakazi wa langoni, kwamba nguo inayoburuzika hairuhusiwi kuingia kwa sababu inaweza kunaswa na mashine. Bibi harusi akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Wewe hutaolewa," akaenda zake.

Ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Wenzake mtaani waliajiriwa kupika, kufagia, kuendesha magari. Yeye aliajiriwa kutazama watu wamevaaje. Nguo ya kuogelea mwisho wake bwawani, huji nayo barabarani kama umetoka bafuni kwako. Suruali yenye vifungo vya chuma haiteremki kwenye mteremko wa maji, inachana plastiki. Mtu mzima havai kinyago wala hajigeuzi Kiboko, yule mdoli mkubwa wa bustani, maana watoto watamfuata popote atakapowapeleka. Fulana yenye matusi, rudi nayo kwenu. Sheria zilibandikwa kwenye ubao uliomzidi kimo, na Dada alizijua zote kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa bado kwenye majaribio, na mtu wa majaribio hana raha. Kila akisikia viatu nyuma yake alidhani ni msimamizi.

Siku hiyo hasa alikuwa anaitazama barabara tangu lango lilipofunguliwa. Watu wa kwao walikuwa wanakuja.

Kila mfanyakazi wa bustani hupewa kadi ya familia, aingize watu wa nyumbani kwake bure siku moja anayoichagua mwenyewe. Baba ndiye aliyefanya siku ichaguliwe haraka. Alikuwa mchomeleaji vyuma, na ule moto aliokuwa akiutazama ujana wake wote bila miwani ya maana ulikuwa umemla macho. Sasa watu aliwaona kama vivuli, na daktari alishasema hata hivyo vivuli havitakaa sana. Gurudumu lile kubwa lilipojengwa, Baba alikuwa mmoja wa waliochomelea vyuma vyake, na hakuwahi kulipanda.

"Nipandisheni sasa," alisema, "wakati bado naweza kusema nimeona."

Nani angebisha? Jana yake, wakati wa chakula cha jioni, Dada aliwakalisha akawasomesha sheria kama mwalimu wa darasa la kwanza, maana alimjua mama yake, na aliwajua wakubwa wake, na hakutaka hata kidogo wakutane vibaya. Mama alikuwa fundi cherehani na alisikiliza kwa makini. Gauni refu? La. Vifungo vya chuma? La. Kitinda, mtoto wa mwisho, akauliza kama kucha za rangi zinaruhusiwa. Dada akaendelea mpaka akafika ile sheria ya kwamba mgeni asivae nguo inayofanana na ya wafanyakazi, akairuka. Nani duniani angekuwa na nguo ile? Shati la rangi ya chungwa la kuumiza macho, madoadoa meupe, kola ya kijani. Ukilivaa unafanana na karoti. Ni nguo ambayo mtu huvaa kwa sababu ya mshahara tu.

Mama alikuwa anatabasamu peke yake. Dada aliliona lile tabasamu, akadhani ni furaha ya safari.

*

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali alipofika mwanamume mmoja amevaa kaptula ya kuogelea na taulo shingoni, basi, hana kingine.

"Samahani kaka, hapa huwezi kupita hivyo."

"Sasa mnanichezea. Mwenzako wa kule nje ameniambia niko sawa."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mama. Si ndiye aliyetupanga foleni?"

Dada alinyoosha shingo. Huko nje hakukuwa na mwenzake yeyote. Lakini kweli, katikati ya foleni, kulikuwa na shati la rangi ya chungwa lenye kola ya kijani, na ndani ya shati hilo alikuwamo mama yake mzazi, mkono mmoja kiunoni, mwingine unaelekeza watu.

"Nyookeni jamani! Foleni gani hiyo ina tumbo? Choo? Fuata ukuta huo, mwanangu, mlango wa bluu. Wewe mwenye taulo ulishapita? Haya!"

Nyuma yake alisimama Baba, mkono begani kwa mkewe, naye amevaa shati la chungwa, kola ya kijani. Na Kitinda, kigauni cha chungwa, kola ya kijani, mfuko wa kifuani kama ule wa Dada, hata kalamu ameichomeka.

Mara moja akaelewa yote. Alipopewa shati la kazi lilikuwa pana kama hema, akampelekea Mama alipunguze kiunoni. Kumbe Mama hakutupa kile kipande alichokikata. Alizunguka nacho maduka ya vitambaa, akikilinganisha na hiki na kile, mpaka akapata mfano wake, akashona kwa siri wakati Dada yuko kazini. Alitaka watu wote wa bustani wakiwaona tu wajue: hawa ni wa yule binti wa langoni. Maskini Mama. Alitaka kumpa mwanawe heshima, na wageni walipoanza kumuuliza habari za tiketi na vyoo, akaona hiyo heshima imemfikia na yeye, angeikataaje?

Dada alijiuliza kama anaweza kukimbilia nje, awavute pembeni. Alikwisha kuchelewa. Msimamizi, waliyemwita Filimbi kwa sababu hakuivua filimbi yake shingoni hata wakati wa kula, alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa ukuta, na nyuma yake watu wenye hasira.

"Nani amewaambia hawa waingie chumba cha jenereta?" alifoka. "Mwanamke mzima amesukuma mlango anatafuta choo! Angepigwa na umeme je?"

Vidole vyote vya foleni vikamwelekea Mama.

Filimbi akawatazama wale watatu, shati kwa shati. Uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya, Filimbi, ila lango la pili lilikuwa limemtia doa hivi karibuni. Kijana wa pale alimpa binamu yake shati la kazi apite bure, naye akalikodisha kwa wengine, na siku siri ilipobumbuluka kijana alifukuzwa mbele ya watu wote, akavuliwa shati palepale, akaondoka na singilendi. Wafanyakazi walicheka siku hiyo. Dada naye alicheka, tena kwa sauti ili asikike.

"Nguo hizi mmezitoa wapi?" Filimbi aliuliza. Kisha, bila kungoja jibu, akamgeukia Dada. "Binti, unawafahamu hawa?"

"Hapana."

Neno lilimtoka kabla hajalitafuna. Alitaka kulirudisha, likawa limekwisha kusikika. Mama alikuwa amekwisha fungua mkoba, kadi ya familia imetoka nusu, ameshaanza na kucheka, tayari kusema "Huyu ni mwanangu huyu!" Akasikia. Kicheko kikabaki usoni hakina mwenyewe. Akamtazama Dada, akamtazama Filimbi, akaitazama ile filimbi, halafu polepole akairudisha kadi mkobani akafunga zipu.

Kitinda alifungua mdomo. Mkono wa Mama ukawahi kuuziba.

"Mbona kama nasikia sauti ya mwa—" Baba alianza.

"Siye," Mama alisema. "Sauti zinafanana, mume wangu." Kisha akamwambia Filimbi, "Nguo nimeshona mwenyewe, bwana. Mimi ni fundi. Niliipenda rangi."

"Uliipenda hii?" Filimbi aliuliza, na mtu mmoja kwenye foleni akacheka. "Sasa mama, umesababisha vurugu. Sheria iko pale ubaoni. Huwezi kuingia umevaa kama watu wangu. Ama mrudi nyumbani, ama mvae mashati ya kuazima."

Mashati ya kuazima yalikaa ndani ya boksi chini ya meza ya Dada. Ya kijivu, mapana, mgongoni yameandikwa MGENI WA LEO kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Kazi ya Dada ilikuwa kuyatoa. Aliyatoa. Akayaweka mezani bila kuinua macho.

Mama akalishika moja kwa ncha za vidole. "Yamefuliwa?"

"Yamefuliwa, mama," Dada alijibu. Ndivyo alivyomwita kila mwanamke wa makamo aliyepita langoni.

"Lini?"

Mama akalirudisha juu ya meza, akalikunja vizuri, akalinyoosha mikono.

"Turudi tu," Baba alisema taratibu. "Gurudumu halina miguu, haliendi popote."

"Lakini macho yako yanakwenda," Mama alisema. Akamgeukia Filimbi. "Sheria inasema nguo isifanane, si ndivyo? Ikiwa haifanani?"

"Isipofanana sina ugomvi na mtu."

"Basi nisubiri."

Akawakusanya watu wake, akawapeleka chooni, safari hii choo chenyewe. Foleni ikasogea. Dada akamrudisha yule wa taulo, akampitisha mwanamke mwenye watoto mapacha, hakujua anasema nini. Mara akawaona wanarudi. Walikuwa wamezigeuza nguo, ndani imekuwa nje. Huku upande wa pili kitambaa kilikuwa kimepauka, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, hakina madoadoa. Kola Mama alikuwa amezikunjia ndani, zisionekane. Mishono yote ilikuwa nje, mifuko inaning'inia kifuani kama masikio, na Kitinda hakujua aiweke wapi kalamu yake. Walitembea kati ya watu waliopendeza, waliojipulizia manukato, na watu wakawapisha njia huku wanakonyezana.

"Hao wamevaa gizani," mmoja alisema.

"Mwache mama, labda ndiyo mtindo," mwingine akadakia, na kicheko kikapita.

Mama hakugeuka. Filimbi alizitazama zile nguo, akakuna kichwa. "Hii nayo," alisema, "waliotunga sheria hawakuifikiria. Haya, tiketi zenu?"

Tiketi yao ilikuwa ile kadi, na kadi ilikuwa na jina la Dada.

"Tunakata," Mama alisema, na akaenda dirishani. Alitoa zile hela alizopewa na mteja wake anunulie kitambaa cha mapazia, Dada alizijua kwa ile bahasha ya kahawia, akalipa bei kamili ya watu watatu kama mtu aliyetoka mbali asiyemjua yeyote pale.

Kisha wakapita mbele ya Dada, mmoja mmoja, awafunge utepe wa karatasi mkononi. Kitinda alitoa mkono huku macho yamemtoka. Baba alitoa mkono, na Dada akaushika kwa uangalifu, asiseme neno, asije akamtambua. Wa mwisho alikuwa Mama. Kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na yale makovu madogo ya sindano. Filimbi alikuwa bado amesimama pale, na kila kundi la wageni lilikuwa lazima liambiwe yale maneno ya kukaribisha.

"Karibu, mgeni wetu," Dada alisema. "Uwe na siku njema."

"Asante, dada," Mama akajibu.

*

Mchana kutwa Dada hakutulia. Alisimama, akakaa, akasimama. Alimpitisha mtu mwenye mkanda wa chuma kiunoni ikabidi wamfukuzie mpaka kwenye mteremko wa maji. Alimwambia mtoto asiye na viatu "siku njema". Kila gurudumu lilipozunguka alitafuta rangi ya maziwa na chai, na saa za jua la kichwa akaiona. Kilikuwa kiti cha juu kabisa. Mtu mmoja alikuwa amenyoosha mkono anaonyesha kitu mbali, na mwingine anaelekeza uso huko. Hakuona zaidi ya hapo. Akafikiri, pale ningekuwapo nami, ningemwambia Baba lile ni soko, lile ni paa la shule. Kwa nini nilisema hapana? Ningesema tu "ni mama yangu, ameshona mwenyewe", ingekuwaje? Wangenivua shati? Na wanivue! Akajibishana hivyo na nafsi yake mpaka kichwa kikamuuma, na kila upande ulikuwa unamshinda.

Jua liliposhuka wageni wakaanza kutoka. Njia ya kutokea ilipita palepale pembeni ya meza yake. Filimbi naye alikuja, ameshika karatasi za siku, akili yake kwenye hesabu.

"Kadi yako ya familia uliandikisha itumike leo," alisema. "Naona haikutumika. Hawakuja?"

Kabla Dada hajafungua mdomo, ndio hao wanapita. Mbele alitangulia Kitinda. Ulimi wake ulikuwa wa bluu kwa peremende, nywele zimetimka, uso unang'aa kwa habari za siku nzima. Alipomkaribia Dada alibana midomo, akakaza shingo, akatazama mbele, akapita kama askari wa gwaride. Hakupepesa. Alikuwa ameambiwa asimsalimie, na alikuwa anatii kwa mwili wake wote.

Nyuma yake Baba alikuwa anauliza, "Na yule mtoto hatukumwona siku nzima? Nilitaka nimweleze habari za kule juu."

"Yuko kazini, mume wangu. Utamweleza nyumbani," Mama alisema, na wakapita, wakatoka, wakachanganyika na watu wa barabarani.

Kitu kikakatika ndani ya Dada.

"Walikuja," alimwambia Filimbi.

"Nani?"

"Watu wa nyumbani. Wale pale, waliogeuza nguo. Yule ni mama yangu. Na yule baba yangu, haoni. Hakuna aliyeiba nguo, Mama alishona mwenyewe, mimi sikujua. Asubuhi uliponiuliza nilidanganya."

Alilisema lote bila kupumua. Filimbi akawatafuta kwa macho wale watu watatu wa rangi iliyopauka mpaka wakapotea kwenye kona. Aliishika filimbi yake, akaiachia.

"Na wakalipa," alisema.

"Wakalipa."

"Binti, mimi nina mama pia." Akazikunja zile karatasi. "Lakini mtu anayeweza kunidanganya juu ya mama yake, kesho atanidanganya juu ya nini? Njoo ofisini asubuhi, kabla hatujafungua."

"Na shati, nilirudishe?"

"Nimesema njoo ofisini. Sijasema kitu kingine."

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na mlango wake ulikuwa wa kusukuma tu. Dada hakuwahi kusimama mbele yake kusubiri chochote. Jioni ile alisimama. Ndani alisikia cherehani ikikimbia, kwenye mapazia ya mteja, bila shaka, maana sasa kitambaa ilibidi kipatikane kwa mkopo na kazi iishe upesi. Alinyanyua mkono, akaushusha, akaunyanyua tena.

"Hodi," alisema.

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?" Mama aliuliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Dada aliegemea mlango. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamshinda. "Mwanao," alisema. "Mama, ni mwanao."

Kisha kiti kikasukumwa. "Mwanangu hapigi hodi kwenye nyumba hii," Mama alisema. "Ingia, unaingiza baridi ndani."

Aliingia. Wote watatu walikuwapo, bado na nguo zao za kugeuzwa. Baba alikuwa amekaa kitandani, uso umeinuliwa kuelekea mlangoni. Dada akapiga magoti mbele ya cherehani.

"Nimemwambia yule bwana," alisema. "Kwamba ninyi ni wangu. Nimemwambia nilidanganya."

"Na kazi?"

"Sijui. Niende asubuhi ofisini."

Mama alikata uzi kwa meno, akauviringa kidoleni. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Umeniua leo," alisema. "Nataka ujue hivyo. Nilisimama pale nikasema, huyu mtoto nimemzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, na hanijui. Siku nzima nilikuwa nacheka na baba yako huyu ili asitambue, na moyo unanichoma." Akavuta pumzi. "Lakini nami nilikuaibisha. Kumpeleka mtu chumba cha umeme!"

Baba akacheka kwanza. Kicheko kidogo, cha puani. "Kumbe ile sauti ilikuwa yake," alisema. "Nilijua. Mimi kipofu, lakini si kiziwi."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe, Baba."

"Vua hilo shati," Mama alisema. "Lina jasho. Nilifue likauke kwa pasi. Ukienda kuwarudishia, warudishie safi. Wakikuachia, utaingia nalo kazini safi vilevile."

Dada akaanza kufungua vifungo. Ndipo alipomwona Kitinda. Alikuwa amesimama pembeni ya kabati, mikono imeshika ncha za kigauni, midomo bado imebanwa, ulimi wa bluu bado umefungiwa ndani, anarukaruka papo hapo kama mwenye haja. Hakuna aliyekumbuka kumfungulia.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya kunong'ona, "sasa naweza kumsalimia?"